Mwaka wa Ndama Aitwaye Sukari

Mwanangu Boni alirudi shuleni Jumanne moja viganja vimemvimba, akatupa mkoba kitandani na kuniuliza, hata viatu hajavua, kama ni kweli mimi ni mwizi. Nilikuwa nakatakata mboga ya sukuma. "Mathe, ati uliiba mtihani?" Nikamuuliza hayo kayatoa wapi. "Madam Jerusha. Nilichungulia kwa deski ya mse fulani, akanichapa, akasema nisianze kuwa kama mamangu." Akasimama pale akinitazama, akingoja niseme hapana. Nikamwambia aende aoshe mikono kwa maji baridi. Kisu nilikiweka chini kwanza, maana nilijua nikiendelea kukishika ile sukuma itakuwa uji.

Jerusha namjua. Nilimfundisha mimi. Na wiki hiyohiyo Boni alileta kikaratasi cha kutualika wazazi wa shule ile, hapa hapa Eastlands, kwenye karamu ya kumuaga mwalimu mkuu, Bwana Kimotho, anayestaafu baada ya miaka mingi ya utumishi uliotukuka. Hivyo ndivyo kilivyoandikwa, uliotukuka. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaamua nitakwenda. Watu wengine huenda karamu za kuaga ili kuaga. Mimi nilitaka tu nimwone akila keki.

Mwaka niliomfundisha Jerusha ni ule maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, yalipokuwa bado mageni shuleni, watoto wakiyanyonya kutoka kwenye zile pakiti za pembetatu na kuzipasua kwa miguu paredini. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nina mtoto mchanga na sina mume, na shule hiyohiyo ilinichukua nishikilie darasa la saba kwa sababu mwalimu mwenye cheti alikuwa amehamia kwao na hakuna mwingine aliyelitaka. Niliahidiwa kwamba nikimaliza mwaka vizuri mkuu ataniandikia barua ya kunipeleka chuo cha ualimu. Nilikaa chumba kimoja katika nyumba ya baraza la jiji, na chumba cha pili alikaa Mama Kezia, mjane wa kutoka upande wa Kakamega aliyekuwa akifua sare za hospitali. Aliporudi mapema alinishikia Boni. Jikoni kwetu kulikuwa na jiko moja la makaa, sufuria zake zikiwa kushoto na zangu kulia, na harufu ya samaki wa omena isiyotoka hata ukipaka chokaa. Nilipenda kile chumba kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi tangu hapo, na sioni haya kusema.

Ofisi ya walimu sikuipenda. Saa ya chai walikaa pale wakichovya mandazi na kuzungumza juu ya ploti za Umoja, nani amepata, nani amenyang'anywa, na kama kulikuwa na watoto upande wa pili wa dirisha ungedhani ni kelele za mvua. Wakigusia wanafunzi ni kwa kuwatukana. "Hawa wa Eastlands vichwa ni zege," alisema mmoja, mdomo umejaa. "Unamwaga Kiingereza, kinateleza." Bwana Kimotho, aliyependa kusimama huku wengine wameketi, akamjibu, "Kiingereza hakipitii kichwani, mwalimu. Kinapitia matakoni. Chapa tu." Wakacheka wote. Nilikuwa mgeni, nikanywa chai yangu. Mafunzo ya ualimu niliyopewa shuleni humo ni hayo: chapa, halafu wanakili kifungu cha ufahamu kitabuni mwao mara nyingi mpaka wakiote ndotoni.

Nilifanya hivyo kwa majuma kadhaa, kwa sababu sikujua lingine. Kisha tukafika kifungu cha josho. Nyinyi mliozaliwa mashambani mtasema josho ni kitu gani cha kushangaza, ng'ombe wanaogeshwa dawa, basi. Jerusha alikisoma akiwa wima, mkono mmoja mgongoni, Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, mrefu, mwenye sweta ya mikono mifupi iliyokuwa mirefu siku iliponunuliwa. Alisoma jinsi mkulima alivyowaswaga ng'ombe mpaka kwenye mtaro wenye maji ya rangi ya udongo, jinsi walivyotumbukia mmoja mmoja na kutokea ng'ambo, na jinsi mkulima alivyotabasamu. Hakukosea neno hata moja. Nikamuuliza, kwa Kiswahili ili asijifiche nyuma ya maneno ya kitabu, kwa nini ng'ombe walitumbukizwa.

"Kuuawa, madam."

"Kuuawa?"

"Ndio. Wanakufa majini halafu wanatokea upande wa pili kuchunwa."

Darasa zima likakubali kwa kichwa. Walikuwa watoto waliokulia karibu na wachinja mbuzi wa Kiamaiko, wengine wao wanajua kuchuna kichwa cha mbuzi kwa wembe, kwa hiyo wakaanza kujadiliana kama wachinjaji. Mmoja akasema njia hiyo ni mbaya, damu itabaki ndani na nyama itaharibika haraka. Mwingine akasema labda ndiyo sababu maji yana rangi. "Na mkulima anatabasamu kwa nini?" nikauliza. "Nyama, madam!" wakaitikia kwa pamoja, kana kwamba mimi ndiye mjinga. Na kusema kweli, kwa walivyoyajua mambo, jibu lao lilikuwa na akili kuliko kifungu. Nilisimama pale na fimbo ya Bwana Kimotho mkononi, nikitazama watoto waliosoma kila neno barabara na hawakupata kitu, na nikaona aibu kwa niaba ya kila mtu mzima aliyewahi kuwachapa kwa sababu hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa Umoja, nikaomba mifuko mitupu ya simenti. Ile karatasi ya kaki, ukishaikung'uta vumbi na kuikata, inakupa ukurasa mkubwa kama meza. Kwa mistari nilitumia makaa, kwa ng'ombe dawa ya viatu ya kahawia, kwa mbingu ile bluu ya kufulia ya Mama Kezia niliyoichovya majini. Nikatunga hadithi fupi ya ndama aitwaye Sukari, aliyejaa kupe masikioni, asiyelala kwa kuwashwa, anayeogopa kuruka joshoni kwa sababu mamake amezama mbele yake na bado hajamwona akiibuka. Kila karatasi picha moja, na chini yake sentensi mbili za Kiingereza ambazo hata mlevi angezielewa. Mama Kezia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Boni mapajani, akinikosoa. "Huyo ni ng'ombe au ni kochi?" Nikamrefusha shingo. "Sasa ni kochi lenye shingo." Nikamwambia achore yeye. "Mimi nafua," akasema, "lakini ng'ombe nimewaogesha. Masikio hulala nyuma wakiogopa. Na ndama hukojoa." Nikachora masikio. Ya kukojoa nikaacha, na nilikosea kuacha, watoto wangeipenda kuliko zote.

Jumatatu nikafunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha na kuzining'iniza picha kwa vibanio vya nguo, moja moja, kadiri hadithi ilivyokwenda. Sijawahi kusikia darasa la watoto wengi vile likiwa kimya bila kutishwa. Kupe niliyemchora mkubwa kama kidole gumba aliwafanya wajikune. Sukari alipokataa kuruka walimwonea huruma. Alipotoka ng'ambo akijikung'uta, kupe wakidondoka, walipiga makofi. Sikuwauliza maswali mengi. Kesho yake nikasema wafungue kitabu, kifungu kilekile. Jerusha akasoma tena, mkono mgongoni. Katikati akakoma, akacheka peke yake, akanitazama kama mtu aliyekuta mlango uliokuwa wazi siku zote. "Kumbe ni kupe, madam! Mkulima anacheka kwa sababu ya kupe!"

Tangu siku hiyo ndiyo ikawa kazi yetu. Kabla ya kifungu chochote, hadithi ya picha siku moja mbele. Kivuko kinachobeba magari, kwa watoto ambao bahari kwao ilikuwa rangi ya buluu kwenye ramani. Kuchuma chai. Mahakama. Mzinga wa nyuki. Nisichokijua nilikwenda kuuliza waliokijua, na wale watoto waliokuwa wakipelekwa mashambani likizo ya Agosti waliwasimulia wale ambao hawakuwa na shamba la kupelekwa, nami nikachora walivyosema. Si uganga huo. Mtu hawezi kuona ndani ya sentensi kitu ambacho hana hata kivuli chake kichwani. Msichana wa miaka ishirini mwenye maziwa yanayovuja kwenye blauzi aliliona hilo. Mabwana wenye vyeti ukutani hawakuliona.

Bwana Kimotho alisimama mlangoni siku ya mzinga wa nyuki. "Madam, hili ni darasa la saba au nasari?"

"La saba, mwalimu."

"Kwa sababu mimi naona sinema." Akacheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka. "Moko iko karibu. Asiyepita moko hapa kwangu haketi mtihani wa mwisho. Sitaki wastani wangu ushushwe na watazama katuni."

Hiyo moko, mtihani wa majaribio wa zoni nzima, ndiyo iliyowatia watoto homa. Jerusha alikuwa amekwisha kuniambia, akifuta ubao, kwamba baba yake amesema akikosa kuketi mtihani mwaka huu hakuna kurudia darasa; atakwenda Eastleigh kwa shangazi yake kulea watoto. Alilisema bila machozi, kama mtu anayekuambia kesho ni Jumatano. Basi wakaketi moko. Na ndani yake, bila shaka, josho. Watunga mitihani wetu walikuwa wazee waliolelewa kati ya ng'ombe. Kama si josho lingekuwa ghala la mahindi. Darasa langu lilijibu maswali yale kama watu wanaoulizwa majina ya mama zao.

Mahali pengine pangekuwa na pongezi. Kwetu alikuja inspekta wa shule. Alikuwa mtu mnene mwenye soksi ndefu na kaptura, aliyekula mandazi ya walimu wote kabla ya kuniita. Waliketi yeye na Bwana Kimotho, mimi nilisimama.

"Watoto wa Eastlands hawajui josho," akasema inspekta.

"Hawa wanalijua."

"Wamelijuaje?"

"Niliwafundisha."

"Kabla ya mtihani?"

"Ulitaka niwafundishe baada?"

Bwana Kimotho akamwonyesha picha zangu, alizokuwa amezishusha kwenye kamba bila kuniuliza. Inspekta akazifunua kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayefunua nepi. Ndama, mtaro, kupe, mkulima akitabasamu. Uso wake ukang'aa. Kwake ule ulikuwa ushahidi: nimeiona karatasi ya mtihani mahali fulani, nikaichora ili niivujishe kwa ujanja. Nikamwambia picha zile ni za muhula wa kwanza, mtihani umetungwa juzi. Akasema hivyo ndivyo mwizi angesema. Kisha akapata wazo, na ninakumbuka alivyojifuta vidole kwa ajili yake. Watapewa kifungu kingine, sasa hivi, ambacho mimi sijakiona. Wakiweza, ni watoto werevu. Wakishindwa, mimi ni mwizi.

Alikitoa kwenye kitabu cha kikoloni kabatini. Kilihusu wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza: wanaume wanaingia kwenye kizimba cha chuma alfajiri, wanashushwa chini ya ardhi na taa vichwani, mmoja amebeba ndege mdogo wa manjano. Wakasoma. Wakaandika. Nilitembea kati ya madawati nikiona wanachoandika. Jerusha, Jerusha wangu wa Kiingereza cha rula, aliandika kwamba watu wale ni wezi wa makaa, wamefungwa kwenye kizimba, na yule ndege, anayebebwa ili akifa wajue hewa ina sumu, ni chakula chao cha jela. Kwa mtoto ambaye makaa anayoyajua huuzwa kwa debe mlangoni, na kizimba anachokijua ni cha mahabusu, ungetaka aandike nini?

Inspekta alizisoma karatasi kwa sauti, akicheka mpaka tumbo likacheza. "Unaona, madam? Bila kuiba, hawa hapa."

"Ndilo ninalokuambia," nikasema. "Kila neno wamelisoma. Hawajawahi kuonyeshwa mgodi. Nipe Jumamosi moja niuchore, halafu uniletee kifungu kingine chochote cha mgodi, ukitunge wewe mwenyewe usiku kucha ukipenda. Uone."

Wakatazamana. Kwa kitambo kidogo nilidhani inspekta amenisikia. Nyusi zake zilifanya kama zinafikiri. Kisha akasema, "Ana mdomo huyu. Yuko na mtoto, sivyo? Baba yake mtoto ni nani?" Hapo nikajua yamekwisha.

Masharti Bwana Kimotho alinipa kesho yake, kwa upole, kama anayenifanyia hisani. Alama za darasa zima zitafutwa, na hakuna atakayeketi mtihani wa mwisho, ila tu kama kosa litakuwa na mwenyewe. Nikisimama paredini Ijumaa nikasema niliiona karatasi, nikaenda zangu, alama zitabaki na watoto wataketi. Hataniripoti polisi, alisema. Nilimuuliza barua yangu ya chuo. Akaweka mikono mezani, akatabasamu kama mkulima wa kile kifungu.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Bendera ilipandishwa, wakaimba, nikapanda kwenye kile kiguzo cha saruji anachosimamia kiranja, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, "Niliiona karatasi ya mtihani kabla ya siku yake." Nilimtafuta Jerusha kwenye mstari. Alikuwa akitazama viatu vyake. Nikashuka, nikatoka langoni. Picha zangu, nilisikia baadaye, Bwana Kimotho alizikata akazijaladia rejista. Nyumbani Mama Kezia alinipakulia githeri bila kuniuliza, mpaka nilipofika katikati ya sahani.

"Umesema uongo mbele ya bendera?"

"Ndio."

"Wataketi?"

"Wataketi."

"Basi kula. Chumvi iko hapo."

Wakaketi. Jerusha akapita, akaenda sekondari, akaenda chuo kile nilichokuwa niende mimi, na mwaka huu akarudi kufundisha shule ileile, darasa la mwanangu. Mimi nafuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, na kama mnataka kujua, sweta za shule ile ni zangu.

Kwenye karamu ya kuaga walipanga viti uwanjani, na hotuba zikamwagika. Nidhamu, nidhamu, nidhamu. Bwana Kimotho amezeeka, keki ilimbaki masharubuni na hakuna aliyemwambia. Nilimwona nikasubiri nisikie hasira yangu ikipanda, nikaona tu mzee mwenye krimu mdomoni. Hasira yote ilikuwa kwa Jerusha, aliyekuwa akipitisha kwa wageni kadi kubwa ya kumuaga mkuu ili tuiandike maneno mazuri. Alipofika kwangu akaganda.

"Shikamoo, madam."

"Viganja vya mwanangu vimevimba. Kumchapa ni juu yako. Kwa nini unamwambia mimi ni mwizi?"

Hakurudi nyuma, hilo nampa. "Ulisema mwenyewe, madam. Paredini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ningeamini nani?" Sauti ikashuka. "Unajua nimebeba hilo mpaka leo? Kila nikipita mtihani najiuliza kama ni mimi ama ni wizi. Ndiyo maana nikiona mtoto anachungulia naona giza."

Ningeweza kumweleza mambo ya inspekta na masharti na barua. Nilifungua mdomo, nikaona kwamba hilo nalo lingekuwa ni kumtaka aamini neno langu, na neno langu alikuwa amelisikia tayari, kutoka kwenye kiguzo cha saruji. Nikamuuliza, "Josho ni nini?"

"Madam?"

"Nijibu."

Akanijibu, amesimama hapo kati ya viti vya plastiki, kadi imebanwa kifuani. Akaanza na kupe. Akasema walikuwa masikioni na chini ya mkia. Akasema Sukari aliogopa kwa sababu mamake alizama mbele yake, na masikio yakalala nyuma, na maji yalikuwa kahawia kama viatu. Alisema kwa nini mkulima alitabasamu. Katika moko ile hakukuwa na Sukari wala mama wa Sukari; aliyoyajua hayakutoka kwenye karatasi yoyote ya kuibwa, na Jerusha alilijua hilo akiwa bado anaongea. Nililiona likimfikia usoni, akaacha sentensi njiani.

"Na wale watu wa kizimba," nikasema, "wa ndege wa manjano. Walikuwa wakifanya nini?"

Mwalimu Jerusha, mwenye cheti, akatazama viatu vyake. "Sijawahi kujua," akasema. "Sikumuuliza mtu. Niliona haya."

Nikamwambia alete kalamu. Akaitoa kwenye mfuko wa blauzi, tena ya wino mwekundu. Nikachukua ile kadi mikononi mwake, yenye maua na jina la Bwana Kimotho na baraka zote za wazazi, nikaigeuza nyuma kulikokuwa kweupe, nikavuta kiti karibu yake. Nilianza na shimo.